Transfa ya Gari la Huduma: Kuichagua na Kuifunga

Mada iliyotolewa kwa maafisa usafirishaji, maafisa ununuzi, mafundi na madereva wa magari ya huduma katika wilaya za Bukoba na Muleba



Katika wilaya za Bukoba na Muleba gari la huduma hupimwa kilimani, tena wakati wa mvua. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli hurudi kabla ardhi haijakauka vema, na mji wa Bukoba hupokea takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikijui. Barabara ya udongo mwekundu iliyopitika Jumatatu huwa utelezi Alhamisi. Gari la wagonjwa la kituo cha afya, gari la chanjo, gari la mafundi wa maji na gari la wakaguzi wa elimu, yote hayo hufika yaendako kwa sababu ya kisanduku kimoja cha chuma kilichojificha chini ya sakafu, nyuma ya giaboksi. Kisanduku hicho ndicho transfa.

Ubaya wa transfa ni kwamba ikifa, gari halionekani kuwa limekufa. Injini huwaka. Taa huwaka. Lami ya kutoka Bukoba hadi Muleba hupitika vizuri tu. Kwa hiyo matengenezo huahirishwa, bajeti huelekezwa kwenye matairi na betri, na ubovu husubiri usiku wa mvua ambapo mama mwenye uchungu wa uzazi yuko juu ya mlima na gari liko chini ya mlima. Hapo ndugu hubeba machela mabegani hadi lilipo gari, na kila hatua ya machela ni dakika iliyopotea. Hali huwa ngumu zaidi kwa wagonjwa wa visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire na Ikuza, ambao hufika mwaloni wakiwa tayari wamekwisha kutumia saa kadhaa ndani ya boti.

Kazi ya transfa ni nyepesi kuelezwa. Hupokea nguvu kutoka giaboksi, kisha huigawa kwa propela shafti mbili, moja ikienda ekseli ya nyuma na nyingine ekseli ya mbele. Pia ina mwendo wa aina mbili: gia kubwa kwa safari za kawaida, na gia ndogo inayopunguza kasi na kuongeza nguvu ya kuvuta. Katika magari mengi ya kazi yanayoonekana Kagera, ugawaji huo hufanyika kwa meno ya chuma yanayoumana ndani ya oili. Magari mengine, hasa mepesi, hutumia mnyororo kupeleka nguvu mbele.

Kuna koo mbili za magari zinazostahili kutenganishwa tangu mwanzo, kwa kuwa makosa mengi ya ununuzi huzaliwa pale zinapochanganywa. Ukoo wa kwanza ni wa magari ambayo magurudumu ya mbele huvuta pale tu dereva anapotaka. Mfano wake ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ambayo madereva wengi huiita «mkonga» kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda hadi paani. Mkono wake wa transfa una nafasi za H2, H4, N na L4. Ukoo wa pili ni wa magari yanayovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama Land Rover One Ten ya mwaka 1983, iliyokuja kuitwa Defender mwaka 1990. Transfa yake, ijulikanayo kwa jina la LT230, ina difu ya katikati inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na ina kifungio cha kuifunga difu hiyo penye utelezi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini transfa hufa. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Penye matope au changarawe, matairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha bila madhara. Juu ya lami tairi halitelezi. Ikiwa Land Cruiser iko H4 na loki za magurudumu ya mbele zimefungwa, au ikiwa Land Rover ina difu ya katikati iliyofungwa, basi tofauti ya mwendo haina pa kutokea. Hujikusanya ndani ya shafti na meno kama kamba inayosokotwa. Usukani huwa mzito, gari hujivuta kana kwamba breki zimeshika, na mkono wa transfa hukataa kutoka. Dereva asiyejua sababu huupiga mkono huo kwa mguu. Dereva anayejua husimama na kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka mpaka msokoto ufunguke, kisha huurudisha mkono H2 kwa vidole viwili.

Jiografia ya wilaya hizi mbili inaongeza hatari hiyo. Dereva huacha barabara ya udongo ya kijijini na kuingia lami kuu ghafla, mara nyingi akiwa na haraka ya kufikisha mgonjwa Rubya, Ndolage au Bukoba mjini. Akili yake iko kwa mgonjwa, na mkono wa transfa husahaulika mahali ulipokuwa. Kilomita thelathini za lami ndani ya H4 hula meno zaidi ya miezi mingi ya matope. Ni vema ieleweke pia kwamba loki za magurudumu ya mbele zinaweza kubaki zimefungwa msimu mzima wa mvua bila kuidhuru transfa, mradi mkono uko H2. Hofu ya madereva wengi iko kwenye loki. Inapaswa kuwa kwenye mkono.

Kabla ya kuagiza transfa nyingine, swali la kwanza ni kama iliyopo ndiyo yenye ubovu. Mlio wa chini ya sakafu una wazazi wengi: krosi za propela zilizolegea, beringi ya giaboksi, difu ya mbele, hata mpira wa maunti uliokatika na kuacha giaboksi ikigonga fremu. Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Gari lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe vigingi, kwa sababu transfa ikiwa N gia haizuii gari kuteremka, hata kama giaboksi imo kwenye gia ya kwanza. Injini iwashwe. Mlio ukisikika giaboksi ikiwa huru, klachi ikiwa imeachiwa, basi mshitakiwa ni giaboksi. Ikiwa kimya, transfa iwekwe N na giaboksi iingizwe gia. Sasa shafti ya kuingilia na meno ya ndani ya transfa yanazunguka, lakini propela zimesimama. Mlio ukianza hapo, ubovu uko nyuma ya giaboksi au ndani ya transfa yenyewe. Ikiwa hatua zote mbili ni kimya na mlio husikika gari linapotembea tu, basi utafutwe kwenye beringi za kutokea, krosi au difu, na bei yake huwa ndogo mno ukilinganisha na transfa nzima.

Kipimo cha pili ni oili. Nati ya kumwagia ikifunguliwa, uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho na kukwaruza vidole ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Na kuna hila moja ambayo imewahi kuponza mafundi wazoefu: sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili huhama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine bila tone hata moja kuanguka chini. Transfa hukutwa imejaa kupita kiasi, giaboksi ikiwa karibu kavu. Anayekagua kisanduku kimoja tu huridhika, huku kingine kikiungua. Hivyo ukaguzi wa oili ufanywe kwa visanduku vyote viwili siku hiyohiyo, na namba ziandikwe katika daftari la gari.

Hata ubovu ukithibitika, kubadilisha transfa nzima si lazima liwe jibu. Ganda likiwa halina ufa na meno yakiwa hayajamegeka, beringi mpya, sili mpya na mikono ya ndani iliyonyooshwa huirudisha kazini kwa miaka mingi. Kwa halmashauri yenye fundi stadi na vipuri halisi, kuifufua transfa yake yenyewe ni salama kuliko kununua ya mtumba isiyojulikana imetoka kwenye gari gani. Transfa ya mtumba huwa na sifa moja tu ya hakika, nayo ni kwamba gari lake la kwanza halikuihitaji tena. Mbadala huwa wa lazima pale ganda lilipopasuka, meno yalipokatika, au shafti ya kuingilia ilipoliwa vijino vyake.

Hili la vijino lina maana kubwa kwa wenye Land Rover. Shafti ya giaboksi huingia ndani ya gia ya kwanza ya LT230 kwa vijino vinavyoshikana, na katika magari mengi ya zamani mahali hapo hapakupata oili ya kutosha. Vijino vililiana taratibu mpaka siku gari lilipokataa kusogea, injini ikizunguka na gia ikiwa imeingia. Baadaye kiwanda kilitoa gia iliyotobolewa matundu ya kupitisha oili hadi kwenye vijino. Anayenunua LT230 mbadala aulizie gia hiyo yenye matundu, na fundi aikague shafti ya giaboksi kabla ya kuifunga. Gia mpya juu ya shafti iliyoliwa huliwa nayo mapema.

Sasa ifikiriwe kazi ya kuchagua. Kosa la kawaida huanzia ofisini, kwenye hati ya maombi inayosema «transfa ya Land Cruiser, moja». Maneno hayo yanaweza kuleta chochote. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 au 100 nayo ni Land Cruiser, lakini nyingi kati ya hizo zina transfa yenye difu ya katikati. Ikifungwa kwenye mkonga ambao loki zake za mbele zimefunguliwa, nguvu hukimbilia upande usio na kizuizi: propela ya mbele huzunguka bure na gari halisogei, au husogea kwa shida huku vitu vya ndani vikiungua. Muuzaji hakudanganya. Aliombwa transfa ya Land Cruiser, akatoa transfa ya Land Cruiser.

Kwa Land Rover mtego ni wa namna nyingine. LT230 zote hufanana kwa nje, lakini uwiano wa gia kubwa hutofautiana. Ya Defender ya kawaida ni 1.41, yaani giaboksi huzunguka mara 1.41 ili propela izunguke mara moja. Ya Discovery ni 1.22. Gia ndogo ya zote mbili ni ileile, 3.32. Discovery zilizochakaa huvunjwa kwa wingi na transfa zake hupatikana kwa urahisi, kwa hiyo hufungwa kwenye Defender za kazi. Dereva huona gari limekuwa na mbio zaidi, kwa kuwa kwa mzunguko uleule wa injini uliompa kilomita 60 kwa saa sasa anapata karibu 69. Hufurahi mpaka afike kwenye mwinuko wa Kamachumu akiwa na mgonjwa, muuguzi na ndugu wanne. Hapo gia moja aliyozoea haipandi tena, klachi huunguzwa wakati wa kuondoka, na gari lililokuwa na subira huwa na hasira. Kwa gari la barabara kuu 1.22 ni nzuri. Kwa gari la wagonjwa la vilimani, halmashauri ifuate 1.41.

Isitoshe, baadhi ya Discovery za kizazi cha pili, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, hazikuwekewa mkono wa kufungia difu ya katikati, na nyingine hazina hata kifungio chenyewe ndani. Gari linalopewa transfa ya namna hiyo hubaki na magurudumu manne kwa jina. Tairi moja likining'inia shimoni, nguvu yote huishia hapo.

Uwiano si jambo la kuamini maneno ya muuzaji. Unapimwa mezani kwa chaki. Alama huwekwa kwenye sehemu ya kuingilia na kwenye kishikio cha propela ya nyuma, gia kubwa huingizwa, na kama kuna difu ya katikati hufungwa kwanza, la sivyo hesabu itadanganya. Sehemu ya kuingilia huzungushwa kwa mkono mpaka ya kutokea itimize mizunguko 10. Ikizungushwa mara 14 na kidogo, ni 1.41. Ikiwa 12 na kidogo, ni 1.22. Transfa ya mkonga itatoa 10 kwa 10, kwa sababu gia yake kubwa ni moja kwa moja. Kisha gia ndogo ihesabiwe vivyo hivyo, na jibu lilinganishwe na transfa kuukuu iliyotolewa kwenye gari. Kazi yote haizidi robo saa, na inaokoa fedha ya umma kuliko mihuri mitatu.

Pamoja na hesabu hiyo, vijino vya kuingilia vihesabiwe na kulinganishwa na shafti ya giaboksi. Matundu ya bolti na upana wa vishikio vya propela vipimwe. Na mahali panapochukua mwendo wa spidomita pakaguliwe. Jambo hili la mwisho hudharauliwa. Spidomita hupata mwendo wake kutoka transfa, na kijigia chake kikiwa na meno tofauti, kilomita zote zitakazoandikwa katika daftari la safari zitakuwa za uongo. Hesabu ya mafuta itaharibika, oili itabadilishwa mapema mno au kwa kuchelewa, na siku moja dereva mwaminifu ataulizwa lita zimekwenda wapi. Kwa LT230 kifuniko cha chini kifunguliwe ili meno yaonekane kwa tochi. Muuzaji anayekataa kifuniko kisifunguliwe amekwisha kujibu.

Vipuri vya magari haya hutafutwa Bukoba kwanza, kisha Mwanza, na wengine huvuka Mutukula kwenda Kampala, ambako soko la vipuri la Kisekka liko karibu zaidi na Bukoba kuliko lilivyo Kariakoo la Dar es Salaam. Mtu binafsi ana uhuru wa kwenda apendako. Gari la umma lina njia yake: ukaguzi wa TEMESA, wakala uliopewa tangu mwaka 2005 dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali, na ununuzi kupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Wapo wanaolalamika kwamba njia hiyo ni ndefu. Malalamiko hayo yana ukweli pale tu maelezo ya kiufundi yalipoandikwa vibaya, kwa kuwa kipuri kisichofaa kikishafika, kukirudisha ndiko huchukua miezi. Hati nzuri hutaja namba ya chesisi, aina ya giaboksi kama ilivyo kwenye kibati cha gari, uwiano wa gia kubwa na ndogo, idadi ya vijino vya kuingilia, kuwapo au kutokuwapo kwa difu ya katikati na kifungio chake, aina ya kichukuzi cha spidomita, na sharti la kupima kabla ya kupokea. Picha ya transfa kuukuu pamoja na namba iliyogongwa kwenye ganda lake viambatishwe. Nusu ukurasa unatosha.

Lipo swali jingine ambalo liulizwe kabla ya kufunga, nalo ni nini kilichoiua ya kwanza. Ikiwa gari lilipewa difu ya nyuma kutoka gari jingine, huenda mbele kuna uwiano wa 4.1 na nyuma 4.3. Penye H2 hakuna atakayegundua. Siku ya H4 ekseli mbili hugombana na transfa huwa uwanja wa ugomvi. Hali kama hiyo huletwa na matairi: 7.50R16 mbele na 265/70R16 nyuma hutofautiana kidogo kwa kimo, jambo ambalo jicho hulisamehe na chuma hakisamehe. Transfa mpya ikifungwa juu ya kasoro hiyo, itafuata njia ya mwenzake.

Sasa ufungaji wenyewe. Gari liwe juu ya sakafu ngumu, likiwa kwenye stendi imara, na magurudumu yawekewe vigingi. Kwa Defender onyo hili ni la uhai: breki yake ya mkono imefungwa nyuma ya transfa, hivyo propela ya nyuma ikishatolewa breki hiyo haizuii tena chochote. Waya wa betri utolewe. Oili zote mbili zimwagwe. Vishikio vya propela vipigwe alama kabla ya kufunguliwa, ili kila kimoja kirudi mahali pake. Propela iliyogeuzwa huleta mtetemeko ambao baadaye hulaumiwa transfa isiyo na kosa.

Giaboksi ishikiliwe na jeki yake, transfa na jeki yake, kisha mikono, waya za swichi, spidomita na bomba la kupumulia vitolewe. Transfa hutolewa kwa kuvutwa nyuma moja kwa moja. Isiachwe ining'inie juu ya shafti hata kwa dakika moja, na asiwepo mtu anayeipokea kwa kifua akiwa amelala chini. Ni mzigo wa jeki. Wakati nafasi iko wazi, sili ya nyuma ya giaboksi ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Bei yake haifikii kazi ya kurudi kuifuata. Maunti zikaguliwe wakati huohuo.

Nyuso za kukutania zisafishwe mpaka chuma king'ae, na silikoni ipakwe nyembamba. Fundi anayepaka silikoni nene huona imebanjuka nje na kudhani kazi ni nzuri, kumbe imebanjuka ndani pia, na vipande vyake vitaziba njia ya oili. Transfa iingizwe ikiwa sambamba na giaboksi. Ikikataa, shafti izungushwe kidogo mpaka vijino vikubaliane. Bolti zisitumike kuivuta iingie, kwa sababu ganda la aluminiamu hupasuka kimya. Bolti zikazwe kwa zamu, upande huu na upande wa pili, kwa spana ya kipimo na kwa viwango vya kitabu cha gari husika.

Bomba la kupumulia linastahili maneno ya peke yake. Mkonga huwafanya madereva wayaamini maji kupita kiasi. Injini inavuta hewa juu ya paa, ni kweli, lakini transfa na ekseli hupumua chini. Kisanduku kilichopata joto kikitumbukia ghafla kwenye maji ya bonde la mto Ngono, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na kama bomba limeziba au limekatika chini, maji huvutwa kupitia sili. Wiki kadhaa baadaye oili huwa maziwa na beringi huota kutu. Bomba lipandishwe hadi ndani ya bodi ya injini, lifungwe vizuri, na lipulizwe kila gari linapofanyiwa huduma.

Oili ijazwe mpaka ifike kwenye tundu la kipimo gari likiwa limelala sawa. LT230 huchukua takribani lita 2.3. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye barabara ya udongo, si lami, kwa mstari ulionyooka: H2, kisha H4, kisha gari lisimame kabisa na kuingia L4, mbele na nyuma. Mkono uingie bila kulazimishwa na usitoke wenyewe dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko. Baada ya kilomita 20 hivi fundi aguse ganda na kutazama chini. Joto la kuvumilika kwa kiganja ni la kawaida, la kuunguza si la kawaida, na tone lolote la oili litafutiwe chanzo chake kabla gari halijarudi kituoni. Kilomita za spidomita zilinganishwe na za simu ya mkononi kwa safari ileile. Baada ya kilomita 1,000 oili ya kwanza imwagwe, kwa maana hubeba vumbi lote la chuma la siku za mwanzo, na bolti zipitiwe tena kwa spana.

Imebaki transfa kuukuu. Hiyo ni mali ya halmashauri hata ikiwa imepasuka, na makazi yake hayawezi kuwa chini ya meza ya karakana mpaka isahaulike. Irudishwe stoo siku ileile ikiwa na kibandiko chenye namba ya gari, tarehe ya kutolewa, kilomita za wakati huo na sababu ya kufa kwake. Ganda bovu huwa na meno mazima, na meno mabovu huwa na ganda zima. Katika stoo inayotunza kumbukumbu hizo, transfa mbili zilizokufa kwa magonjwa tofauti huweza kutoa moja inayopanda Kamachumu.